Mwaka wa kwenye kibao

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani na mwalo wa wavuvi, kandokando ya Ziwa Victoria, wilayani Magu. Mwalimu mkuu amemkabidhi kazi ya kuandika historia ya shule kwa ajili ya maadhimisho. Kibao cha getini kinasema shule ilianzishwa 1957. Mzee mmoja wa kijiji anasisitiza kwamba alijifunza kusoma hapo kabla ya mwaka huo, na karatasi za halmashauri zinaonyesha usajili wa 1975. Mwalimu analo kabati moja la madaftari ambayo mchwa wameshaanza kuyala, hana bajeti, na ana vipindi 28 kwa wiki. Anauliza: aanzie wapi, na aandike mwaka upi?

Mwalimu, pole na kazi. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ukilielewa hilo, la kwanza litajijibu.

Kibao, mzee na halmashauri wanaweza kuwa wanasema kweli wote watatu. Shule nyingi za kandokando ya ziwa hili hazikuanza siku moja. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, waliweka kituo chao Bukumbi mwaka 1883. Upande wenu wa Ghuba ya Speke, misheni ya Waanglikana ilikuwa Nassa, na 1909 ikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Kutoka vituo hivyo walitoka makatekista na walimu wa dini waliokaa na watoto chini ya mti au kwenye kibanda cha nyasi, wakafundisha sala, kusoma na kuandika. Serikali haikuzihesabu hizo kuwa shule, lakini mtoto aliyejua kuandika jina lake alipotoka hapo alijua kwamba amesoma. Baadaye likajengwa jengo, misheni au serikali ya mtemi ikaomba ruzuku, shule ikatambuliwa. Pengine ikaongezewa madarasa ikawa shule ya kati, ile ya darasa la tano hadi la nane. Kisha zikaja Operesheni Vijiji na Azimio la Musoma, mambo yakageuka tena.

Kwa hiyo swali la "ilianza lini" ni maswali kadhaa yaliyofungwa pamoja. Lini watoto walianza kufundishwa hapa? Lini jengo la kwanza lilisimama? Lini serikali iliitambua? Lini ilihamia mahali ilipo sasa? Kila shahidi wako amejibu swali lake. Usimchague mmoja ukawafanya wengine waongo.

Huo mwaka 1975 haunishangazi hata kidogo. Mwaka 1974 watu wa Usukumani walihamishwa kwa wingi kwenda vijiji vipya, na Novemba mwaka huohuo Azimio la Musoma likaagiza kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Shule nyingi za Kanda ya Ziwa zina karatasi za miaka hiyo. Nyingine zilizaliwa kweli wakati huo, lakini nyingine zilihama tu pamoja na watu, zikapata kiwanja kipya na wakati mwingine jina jipya. Waulize wazee: mahame ya shule yako wapi? Wakikuonyesha, nenda nao. Utaitambua shule ya zamani kwa miembe iliyopandwa kwa mstari ulionyooka, kwa mawe ya msingi, kwa uzio wa minyaa au wa katani uliobaki bila nyumba ya kuzunguka. Mkulima hapandi miembe yake kwa kamba, ila mwalimu aliwapandisha watoto hivyo.

Na kibao, waulize wakongwe kiliandikwa lini na nani alimpa fundi ule mwaka. Mara nyingi vibao huandikwa wakati kiongozi anatarajiwa kufika, na mwaka unachukuliwa kwa aliyekuwapo ofisini asubuhi ile. Yawezekana 1957 ndio mwaka shule ilipopandishwa hadhi. Yawezekana pia ni mwaka wa jengo la bati. Hapo ndipo kabati lako linapoingia.

Najua wengi watakuambia uanze na wazee kwa sababu wanaondoka. Ni kweli wanaondoka, na kama yupo mgonjwa au mwenye umri mkubwa sana, mfuate wiki hii bila kusubiri chochote. Lakini kwa wengine, mimi nakushauri uanze na rejista ya uandikishaji. Nimekaa na nyaraka za shule miaka mingi, na sijaona kitabu kinachosema mengi kwa maneno machache kama kile. Ukienda kwa mzee bila kuisoma rejista utamuuliza, "Shule ilikuwaje zamani?" naye atakujibu, "Ilikuwa nzuri, nidhamu ilikuwapo." Ukienda baada ya kuisoma utamuuliza, "Mbona siku moja waliandikishwa watoto arobaini kutoka sehemu moja?" Hapo atanyamaza kidogo, kisha ataanza kusimulia.

Anza na namba. Namba za uandikishaji huendelea kitabu hata kitabu. Mtoto akipewa namba haipewi mwingine. Tafuta rejista ya zamani kuliko zote iliyosalia, ufungue ukurasa wa kwanza. Kama inaanza na namba 1, hicho ni kitabu cha kwanza, au shule iliandikwa upya. Kama inaanza na 412, maana yake watoto 411 walipita kabla ya kitabu hicho, na mzee wako amepata shahidi wa kwanza. Angalia pia kama kuna mahali namba zinakatika na kurudi 1. Zikirudi 1 mwaka 1975 huku madarasa ya juu yakiwa tayari na watoto, basi usajili wa halmashauri ni wa shule iliyokwishakuwapo. Jambo hili utalimaliza kwa saa moja, na litakupa uhakika kuliko vikao vitano.

Kisha soma safu moja moja kwenda chini, usisome mstari kwa mstari. Safu ya kazi ya mzazi itakuonyesha kijiji kikibadilika: mkulima, mkulima, mkulima, halafu anaingia mvuvi, karani wa chama cha msingi, fundi cherehani, mchuuzi wa samaki. Sangara walipoongezeka sana ziwani miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza miaka iliyofuata, mialo ilijaa wageni. Tazama kama rejista yako inawaonyesha watoto wao wakiingia. Safu ya shule aliyotoka itakuonyesha njia za watu, wengine wakivuka kutoka Ukerewe, wengine wakishuka kutoka Kwimba na Maswa. Safu ya sababu ya kuondoka ndiyo nzito. Humo mna "amehama," "utoro," "ameolewa," "mimba," "amefariki." Hesabu wasichana walioingia darasa la kwanza na waliomaliza, kwa kila miaka kumi. Nakuomba usiruke kazi hii hata ikikuchosha. Ukurasa mmoja wenye hesabu hiyo utaeleza maisha ya mabinti wa kijiji chenu kuliko hotuba yoyote, na utawasaidia wasomaji waelewe kwa nini ruhusa ya mabinti waliojifungua kurudi shuleni, iliyotangazwa Novemba 2021, ilikuwa jambo kubwa.

Mwandiko nao husema. Mwandiko ukibadilika, mwalimu mkuu au karani amebadilika, na tarehe yake iko hapohapo. Linganisha na ile orodha ya walimu wakuu iliyopakwa rangi ukutani ofisini, maana orodha hizo huwasahau waliokaimu miezi sita, na mara nyingine huwasahau walioondoka vibaya.

Baada ya rejista, tafuta kitabu cha matukio, kitabu cha wageni, mihtasari ya kamati ya shule, kitabu cha adhabu, leja ya vifaa na madaftari ya mahudhurio. Madaftari ya mahudhurio watu huyatupa kwanza, wakidhani ni vijistari tu. Jaribu hili: chukua mwaka mmoja, uweke kalenda ya mwandamo wa mwezi pembeni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika. Angalia kama mahudhurio ya wavulana wa darasa la sita na la saba yanashuka siku za giza na kupanda mwezi unapong'aa. Kisha angalia miezi ya kuvuna pamba. Ukiona yanafuatana, umeshapata sura nzima ya kitabu chako, sura ambayo hakuna mtu aliyekusudia kuiandika.

Sasa nenda kwa wazee. Usianze na mwalimu mkuu mstaafu. Atakusimulia vizuri, lakini atakusimulia kama taarifa ya makabidhiano, na ukimsikia yeye kwanza utawasikiliza wengine kwa masikio yake. Anza na aliyepika uji, na mlinzi, na mama aliyeuza karanga nje ya uzio, na fundi aliyejenga darasa la tatu. Watafute wanawake kwa makusudi, hasa wale walioishia darasa la nne. Wao watakuambia waliishia wapi na kwa nini. Wasioishi kijijini tena wengi wao wako Mwanza mjini au Geita, na namba zao za simu zinapatikana kwa ndugu.

Usiulize "mwaka gani." Wazee wetu hawatunzi miaka kwa tarakimu, wanaitunza kwa matukio. Uliza: mvua za Uhuru zilikukuta darasa la ngapi? Mvua zile zilianza 1961, na ziwa likapanda zaidi ya mita mbili hadi kufikia 1964. Kwa shule iliyo jirani na mwalo hilo si jambo la pembeni. Yawezekana madarasa ya kwanza yalikuwa mahali ambapo leo pana matete. Uliza: ulikuwa wapi siku ndege ya Libya ilipokuja kupiga Mwanza wakati wa vita vya Kagera, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane? Hiyo ni mwishoni mwa Machi 1979. Kwa vijana zaidi, uliza walikuwa darasa la ngapi MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Kwa matukio hayo matatu tu unaweza kumweka karibu kila mtu kwenye mwaka wake.

Uliza juu ya vitu. Kengele ilikuwa rimu ya gari au kipande cha reli, ilining'inizwa mti gani, nani alikuwa na zamu ya kuigonga? Dawati la kwanza lilifika lini, na kabla yake mlikalia nini, matofali au magogo? Shamba la pamba la shule lilikuwa wapi, mavuno yaliuzwa kwa chama kipi, na fedha zilinunua nini? Mlipewa uji wa nini? Kuni mlibeba? Mwambie akuimbie wimbo wa mchakamchaka, na kama anakumbuka nyimbo za Kisukuma za kilimo walizoimba shambani, zirekodi zote. Mtu anayesema hakumbuki kitu mara nyingi hukumbuka akianza kuimba. Na ukiweza, tembea naye kwenye eneo la shule badala ya kukaa naye kwenye kiti. Miguu itamkumbusha mahali palipokuwa na kisima.

Akitaka kuongea Kisukuma, Kikerewe au Kijita, aongee. Mrekodi kwa lugha hiyo, kisha uandike maneno yake kama yalivyo na tafsiri ya Kiswahili chini yake. Ukimlazimisha Kiswahili utapata nusu ya alichonacho, tena nusu yenye adabu. Omba ruhusa kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, na ruhusa hiyo ijirekodi yenyewe mwanzoni: jina lake, tarehe, mahali, na kwamba anakubali maneno yake yatumike. Beba sukari kidogo. Rudi mara ya pili baada ya wiki mbili, kwani ukishaondoka usiku ule ndipo kumbukumbu zinapomjia.

Makundi ya wazee watano chini ya mti ni mazuri kwa majina na nyimbo, kwa sababu wanakumbushana. Kwa mambo ya aibu au ugomvi hayafai, maana mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa na historia.

Kuhusu nyaraka za nje ya shule nitakuwa mfupi. Mwanza kuna kituo cha Kanda ya Ziwa cha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Dar es Salaam. Kwa sheria ya 2002, nyaraka zilizofikisha miaka 30 kwa kawaida hufunguliwa kwa wananchi. Pata barua ya utambulisho kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri, uende na majina yote ambayo eneo lenu limewahi kuitwa. Majalada ya kikoloni utayatafuta chini ya Jimbo la Ziwa, si chini ya mkoa wa sasa. Wenzako wa Busega wana kazi zaidi: hadi 2012 walikuwa Magu, mkoa wa Mwanza, leo wako Simiyu. Wa Geita nao walikuwa mkoa wa Mwanza hadi 2012. Kumbuka pia kwamba halmashauri za wilaya zilifutwa 1972 na kurudishwa katikati ya miaka ya 1980, hivyo barua za miaka hiyo kumi na kidogo zilipitia ofisi nyingine. Ukikuta pengo hapo, usidhani shule ililala.

Kama shule yenu ilikuwa ya misheni kabla ya serikali kuzichukua shule hizo kwa Sheria ya Elimu ya 1969, nenda parokiani au kwa wazee wa kanisa. Kwa Wakatoliki kuna hazina ambayo walimu wengi hawaijui: kila kituo cha Mapadri Weupe kiliandika shajara ya kila siku, kwa Kifaransa mara nyingi, na hifadhi yao kuu iko Roma. Huhitaji kwenda. Mwombe paroko akusaidie kuandika barua yenye swali moja mahususi, kwa mfano ni lini katekista alipelekwa kijiji fulani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu 1923, nalo lilichapisha barua na habari kutoka majimboni. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayo matoleo yake.

Sasa yale magumu. Utakuta mtoto aliyekufa maji akivuka kwa mtumbwi. Utakuta viboko vilivyoandikwa kwa hesabu. Utakuta fedha za mradi zilizopotea. Niliwahi kuisaidia shule moja kuandika kijitabu chake, na kamati ikaomba tuondoe ukurasa wa ajali ya mtumbwi ili sherehe isichafuke. Nilikubali. Siku ya uzinduzi mama mmoja alikifungua kijitabu, akakipekua taratibu mpaka jalada la mwisho, akaniuliza mwanawe yuko ukurasa gani. Sijakubali tena ombi kama lile, nawe usikubali. Nenda kwanza kwa familia, waulize kama wanataka jina liandikwe, na liandikwe jinsi wanavyotaka wao.

Mambo mengine hayahitaji majina. Mabinti walioacha shule kwa mimba wahesabu, usiwataje. Wapo hai, wana wajukuu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fedha zilizopotea ziandike kama mihtasari inavyosema, na kama mhusika yuko hai mpe nafasi aseme lake. Usiandike uvumi, hata kama kijiji kizima kinaujua.

Madaftari yenyewe yatoe kabatini leo. Yapanguse kwa brashi laini kavu, yaanike kivulini, kamwe si juani, kisha yaweke juu ya ubao au matofali mbali na ukuta. Usibandike selotepu kwenye ukurasa uliochanika. Piga picha kila ukurasa kwa simu karibu na dirisha, na ukizituma kwa WhatsApp zitume kama faili, kwani zikitumwa kama picha hupungua ubora. Nakala moja ikae kwako, moja ofisini, moja kwa mtu aliye mbali na kijiji.

Wakati wa kuandika, usigawe sura kwa majina ya walimu wakuu. Ukifanya hivyo kila sura itaanza na kuripoti kazini na kuishia na uhamisho, na watoto hawatakuwamo. Gawa kwa mambo yaliyokijaza kijiji: mti na katekista, pamba, kuhama, walimu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote, ile ya Azimio la Musoma), ziwa, mabinti, madarasa ya MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) baada ya 2002, elimu bila malipo tangu 2016. Ndani ya sentensi sema umepata wapi, kama "rejista ya kwanza inaonyesha" au "mpishi wa zamani anasema." Wawili wakipingana, waandike wote wawili. Kurasa hamsini zinatosha. Nakala ya kwanza wapelekee waliosimulia, nyingine maktaba ya mkoa.

Na kibao kisiguswe kwanza. Yaelekea mwishowe kitakuwa na mistari zaidi ya mmoja: mwaka wa watoto wa kwanza, mwaka wa kutambuliwa, mwaka wa kuhamia hapa. Fundi atalalamika kuhusu nafasi, mwambie apunguze ukubwa wa nembo. Jumamosi hii fungua kabati, itafute rejista kongwe kuliko zote, na uniandikie namba iliyo mbele ya jina la mtoto wa kwanza.